Sigcheck, GnuPG na wenzao: zana ipi inakuonyesha kweli nani aliyetia saini programu uliyoipakua?

Saini ya kidijitali kwenye programu hujibu maswali mawili tu. Nani alilitia saini faili hili? Na je, limebadilika hata biti moja tangu alipolitia saini? Haisemi kama programu ni nzuri, wala kama mwandishi wake ni mwaminifu, wala kama kompyuta yake ilikuwa salama siku hiyo. Ndiyo maana tathmini hii inatumia kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: je, zana inamlazimisha mtumiaji alitazame jina la mtia saini? Inayotoa neno "sawa" na kulificha jina inampa mtu utulivu asiopaswa kuwa nao.

Kisa cha Transmission kinaonyesha kwa nini jina ni muhimu kiasi hicho. Machi 2016, toleo 2.90 la programu hiyo ya kupakulia mafaili ya torrent, la kompyuta za Mac, lilibadilishwa kwenye tovuti yake rasmi, likapachikwa KeRanger, programu hasidi inayofunga mafaili ya mtu na kudai fidia. Faili lile lilikuwa na saini halali, yenye cheti (hati ya kidijitali inayomtaja mtia saini) kilichotolewa na Apple. Mfumo wenyewe ulilikubali bila kusita. Lakini cheti hakikuwa cha watengenezaji wa Transmission. Kilikuwa cha kampuni nyingine kabisa. Aliyelinganisha jina hilo na lile la toleo lililotangulia angeligundua tatizo kwa nusu dakika.

Kichupo cha Digital Signatures ndani ya Windows

Hiki kila mwenye Windows anacho. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha kichupo cha Digital Signatures. Utaona orodha ya majina ya watia saini, na hapo ndipo wengi wanaposimama wakidhani kazi imekwisha. Haijaanza. Orodha ile inasoma tu kilichoandikwa ndani ya faili. Hata faili lililoharibiwa makusudi litaonyesha jina la kampuni kubwa vizuri kabisa. Ukaguzi wenyewe hufanyika unapochagua jina na kubofya Details. Hapo juu utasoma "This digital signature is OK" au utaambiwa kwamba saini si halali. Ukiendelea na View Certificate, kichupo cha Certification Path kitakuonyesha mnyororo wa vyeti hadi kwenye mamlaka ya mwisho, yaani taasisi inayotoa vyeti.

Kwa faili moja, kichupo hiki kinatosha. Udhaifu wake wa pili ni kwamba hakionekani kabisa kwa mafaili ambayo saini yake haimo ndani ya faili lenyewe. Sehemu kubwa ya mafaili ya Windows husainiwa kupitia katalogi: heshi ya faili, yaani ule mfuatano wa tarakimu unaokokotolewa kutokana na maudhui yake, huwekwa kwenye faili jingine la .cat lililoko C:\Windows\System32\CatRoot, na katalogi hiyo ndiyo inayotiwa saini. Ukiona notepad.exe haina kichupo hiki, usikimbilie kufuta chochote.

Sigcheck

Kwa mtu anayepakua programu mara kwa mara kwenye Windows, hii ndiyo zana tunayoipendekeza kuliko zote. Imo katika mkusanyo wa Sysinternals, ambao Microsoft iliununua mwaka 2006, na ni ya bure. Inakuja kama faili la zip. Ndani yake mna sigcheck.exe ya biti 32, sigcheck64.exe, na sigcheck64a.exe ya kompyuta zenye kichakataji cha ARM. Haisakinishwi, unaifungua kwenye folda na kuiita kutoka dirisha la amri. Kabla ya kuiamini, ikague yenyewe kwa kichupo tulichokitaja hapo juu: mtia saini awe Microsoft Corporation.

Amri ya kawaida ni hii:

sigcheck64 -accepteula -nobanner -a -h -i setup.exe

Swichi ya -a inaongeza maelezo, -h inatoa heshi za faili (MD5, SHA1, SHA256 na nyinginezo), na -i inaonyesha mnyororo wa vyeti pamoja na jina la katalogi kama saini imetoka huko. Katika majibu, mistari mitatu ndiyo ya kusomwa kwanza: Verified, Signing date na Publisher.

Hapa pana mtego ambao watengenezaji wa Sigcheck wangeweza kuupunguza na hawakufanya hivyo. Chini ya Publisher kuna Company, Description na Product, vyote vimepangwa kwa mstari mmoja na kwa maandishi yaleyale. Publisher inatoka kwenye cheti, yaani jina ambalo mamlaka ya vyeti ililithibitisha kabla ya kukitoa. Company, Description na Product vinatoka kwenye maelezo ya toleo ndani ya faili, ambayo mwandishi yeyote anaweza kuyajaza apendavyo. Mtu akiandika programu hasidi leo, anaweza kuweka Company kuwa jina la kampuni yoyote kubwa duniani, na Sigcheck italichapisha bila neno. Soma Publisher. Kama Publisher ni n/a na Company ni jina linalojulikana, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kusita.

Mstari wa Verified ukisema kitu kingine zaidi ya Signed, ujumbe wake una maana mahususi, na haifai kuichanganya. Unsigned ni kwamba hakuna saini kabisa, si ndani wala kwenye katalogi. Katika hali hiyo Signing date hugeuka kuwa Link date, tarehe ambayo haithibitishwi na mtu. "The digital signature of the object did not verify" inamaanisha saini ipo lakini maudhui hayalingani nayo: faili limebadilika baada ya kusainiwa, au limeharibika wakati wa kupakuliwa. "A certificate was explicitly revoked by its issuer" ni mbaya zaidi, kwa kuwa mamlaka imekibatilisha cheti, mara nyingi baada ya ufunguo wa siri, ule ambao mwenye cheti hutilia saini, kuibwa au kutumiwa vibaya. Na ule ujumbe mrefu unaoishia na "a root certificate which is not trusted by the trust provider" unamaanisha mnyororo unaishia kwa mamlaka ambayo Windows yako haiitambui. Mara nyingi ni cheti ambacho mtu amejitengenezea mwenyewe.

Kuhusu cheti kilichokwisha muda, wengi hukosea. Saini nzuri hubeba muhuri wa muda kutoka seva ya mtu wa tatu, unaothibitisha kwamba faili lilisainiwa cheti kikiwa bado hai. Ukiwepo, saini inabaki halali hata miaka kumi baada ya cheti kuisha. Usipokuwepo, saini inakufa siku cheti kinapokufa. Kisakinishi cha zamani chenye cheti kilichoisha na muhuri wa muda mahali pake hakina kasoro yoyote.

Sasa swali ambalo hakuna zana inayolijibu: utajuaje kama jina lililo kwenye Publisher ndilo linalopaswa kuwepo? Njia bora ni kulinganisha na nakala uliyonayo tayari. Iendeshe Sigcheck kwenye toleo la zamani lililoko Program Files, uone Publisher wake, kisha kwenye kisakinishi kipya. Majina yakifanana herufi kwa herufi, vizuri. Yakitofautiana, tafuta maelezo kabla ya kusakinisha: huenda kampuni imeuzwa au imebadilisha jina, na jambo la namna hiyo kwa kawaida hutangazwa. Usitarajie kwamba jina litafanana na la programu. PuTTY husainiwa kwa jina la Simon Tatham, mwandishi wake. Kwa upande mwingine, 7-Zip imesambazwa kwa miaka mingi bila saini yoyote, na hilo halikuifanya kuwa hasidi. Linamaanisha tu kwamba unahitaji njia nyingine ya kuithibitisha.

Nguvu ya kweli ya Sigcheck inaonekana kwenye folda nzima. Kisakinishi kinaweza kuwa na saini safi huku kikimwaga DLL (mafaili ya msimbo ambayo programu huyapakia) zisizo na saini. Baada ya kusakinisha kwenye mashine ya majaribio, au baada ya kufungua faili la zip, tumia:

sigcheck64 -nobanner -e -u -s C:\Majaribio

Swichi ya -s inaingia kwenye folda zote za ndani, -e inachagua mafaili ya programu bila kujali viambishi vya majina yao, na -u inaonyesha yasiyo na saini pekee. Orodha itakuwa ndefu kwa programu nyingi za chanzo huria, kwa hiyo usiogope wingi. Kinachotiliwa shaka ni faili moja lisilo na saini katikati ya mafaili arobaini yenye saini za kampuni moja.

Swichi ya -v inapeleka heshi ya faili kwa VirusTotal, huduma ya mtandaoni inayokagua mafaili kwa injini nyingi za kuzuia virusi, na kurudisha idadi ya injini zilizolitambua kuwa hasidi. Mara ya kwanza utahitaji -vt ili kukubali masharti yao. Angalia tofauti: -v hupeleka heshi tu, lakini -vs hupakia faili lenyewe kama halijulikani kwao. Faili likishapakiwa linaweza kusomwa na watafiti na wateja wa huduma hiyo. Kamwe usitumie -vs kwenye folda yenye nyaraka zako au programu za ofisini.

Swichi moja haitumiki inavyostahili: sigcheck64 -tv. Inapakua orodha ya Microsoft ya mamlaka kuu za vyeti, kisha inakuonyesha vyeti vilivyomo kwenye kompyuta yako ambavyo mizizi yake haimo katika orodha hiyo. Kila kinachotokea hapo kinaweza kuifanya programu ngeni ionekane Signed. Februari 2015 iligunduliwa kwamba kompyuta kadhaa za Lenovo ziliuzwa zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyoweka cheti chake kikuu ndani ya Windows, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ukiwa ndani ya programu hiyohiyo. Yeyote aliyeutoa aliweza kujitengenezea vyeti ambavyo kompyuta hizo zingeviamini. Ofisi nyingi huweka cheti chao kwa sababu halali, na hata baadhi ya programu za kuzuia virusi hufanya hivyo, kwa hiyo tafuta kwanza kila kimoja kilikotoka kabla ya kukiondoa.

Tundu ambalo Sigcheck inalirithi bila kosa lake

Sigcheck na kile kichupo vyote vinategemea ukaguzi wa Windows yenyewe, na ukaguzi huo una tundu la kiusalama lililosajiliwa kwa namba CVE-2013-3900. Katika faili la .exe au .dll, saini hukaa kwenye eneo lake mwishoni, na eneo hilo halihesabiwi katika heshi inayosainiwa, kwa kuwa saini haiwezi kujisaini yenyewe. Matokeo yake, mtu anaweza kuongeza data humo na saini ikabaki halali. Microsoft ilitoa marekebisho Desemba 2013, lakini ikayaacha yawe ya hiari, kwa sababu visakinishi fulani halali vilikuwa vikitumia nafasi hiyo kubebea taarifa zao. Karibu miaka kumi baadaye, Machi 2023, waliovamia 3CX, kampuni ya programu za simu, walilitumia tundu hilohilo: d3dcompiler_47.dll, yenye saini ya Microsoft, ilibeba data iliyofichwa kwa usimbaji na bado ikaonekana halali.

Kulifunga kunahitaji haki za msimamizi. Katika rejista ya Windows, weka thamani iitwayo EnableCertPaddingCheck iwe 1 chini ya HKLM\Software\Microsoft\Cryptography\Wintrust\Config, na kwenye Windows ya biti 64 irudie pia chini ya HKLM\Software\Wow6432Node\Microsoft\Cryptography\Wintrust\Config. Washa kompyuta upya. Watu husahau njia ya pili, na hapo programu za biti 32 hubaki zikikagua kwa ulegevu wa zamani. Gharama yake ni kwamba visakinishi vichache halali vitaanza kukataliwa. Ukikutana na kimoja, mwombe mtengenezaji nakala nyingine kabla ya kufikiria kuifuta thamani hiyo.

PowerShell

Kama huwezi kupakua kitu chochote cha ziada, Get-AuthenticodeSignature imo tayari. Kwa jina kamili la mtia saini:

(Get-AuthenticodeSignature .\setup.exe).SignerCertificate.Subject

Hii inatoa zaidi ya Sigcheck ya kawaida: jina, shirika, mji na nchi iliyosajiliwa kwenye cheti. Hali inayorudishwa ni Valid, NotSigned, HashMismatch, NotTrusted au UnknownError. Hiyo ya mwisho ina jina la kupotosha, kwani hutokea hata kwa sababu inayojulikana vizuri, kama cheti cha kujitengenezea; soma StatusMessage ili upate sababu halisi. Kwa wanaoandika hati (script) za kusakinisha programu kwenye kompyuta nyingi, kosa la kawaida ni kuishia kwenye Status sawa na Valid. Linganisha na Subject pia, la sivyo hati yako itakubali faili la yeyote mwenye cheti.

GnuPG

Programu nyingi za chanzo huria, hasa za Linux, hazina habari na mamlaka za vyeti. Mtengenezaji ana ufunguo wake wa siri, anatia saini, na kuweka faili dogo la .asc au .sig kando ya programu. Wewe unahitaji ufunguo wake wa umma, ule wa kuikagulia saini hiyo. GnuPG, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 1999, ndiyo inayofanya ukaguzi. Kwenye Linux mara nyingi imo. Kwenye Windows hupatikana kama Gpg4win, ambayo kisakinishi chake kina saini ya Windows. Kikague kwanza kisakinishi hicho kwa Sigcheck, na mnyororo wako utakuwa umeanza mahali pazuri.

Amri ni fupi:

gpg --verify programu.tar.xz.asc programu.tar.xz

Taja mafaili yote mawili, saini kwanza. Ukitaja moja tu, GnuPG itakisia jina la jingine, na kukisia hakufai katika kazi hii.

Kazi ngumu iko kabla ya amri hiyo: kuupata ufunguo ulio wa kweli. Kuupakua ufunguo kutoka seva ileile iliyokupa programu ni udhaifu mkubwa, kwani aliyeweza kubadilisha programu ataweza kubadilisha na ufunguo. Kwanza uutazame bila kuuingiza:

gpg --show-keys --with-fingerprint ufunguo.asc

Utaona alama ya kidole ya ufunguo, herufi na tarakimu 40. Ilinganishe yote na ile iliyochapishwa mahali pengine panapoaminika: hifadhi ya vifurushi ya usambazaji wako wa Linux, nyaraka za toleo la zamani ulilonalo, tangazo la mradi kwenye tovuti tofauti. Usilinganishe tarakimu nane za mwisho peke yake. Tangu 2014 imeonyeshwa wazi kwamba kutengeneza ufunguo mwingine wenye tarakimu nane zilezile ni kazi ndogo kwa kompyuta ya kawaida, na funguo bandia za namna hiyo, zenye majina ya watu wanaojulikana, zimeonekana kwenye seva za funguo. Jina na barua pepe kwenye ufunguo pia havina uzito wowote; mtu huviandika mwenyewe.

Majibu ya GnuPG yanawatisha watu mahali pasipo na hatari na kuwatuliza penye hatari. Utasoma "Good signature from" ikifuatiwa na onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na saini inayoaminika. Onyo hilo linamaanisha kwamba wewe hujaiambia GnuPG kuwa umeukagua ufunguo huo. Kama umelinganisha tarakimu zote 40, liache. Kama hujalinganisha, onyo linasema kweli tupu. "BAD signature" ni faili lililobadilika au lililopakuliwa nusu. "Can't check signature: No public key" ni kwamba ukaguzi haukufanyika kabisa, na haipaswi kusomwa kama "hakuna tatizo".

Penye hatari lakini pasipo na onyo ni hapa: "Good signature" hutoka kwa ufunguo wowote uliomo kwenye kishada chako (keyring), yaani mkusanyo wa funguo ulizoziingiza. Mwenye funguo thelathini alizokusanya kwa miaka atapata jibu hilo hata kama mwenye ufunguo wa mradi mdogo kabisa ndiye aliyesaini kisakinishi cha mfumo endeshi. Tiba yake ni gpgv, ambayo huja pamoja na GnuPG na hukagua dhidi ya kishada unachokitaja tu:

gpg --dearmor -o mradi.gpg ufunguo.asc
gpgv --keyring ./mradi.gpg programu.tar.xz.asc programu.tar.xz

Tunashauri kuhifadhi faili moja la .gpg kwa kila mradi. Linatumika tena kwa matoleo yote yajayo, na ufunguo ukibadilika ghafla utajua siku hiyohiyo.

Makosa mawili ya kiutendaji hujirudia. La kwanza ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo: saini yake ni ya faili la .tar kabla ya kubanwa, si la .tar.xz. Anayekagua faili lililobanwa atapata BAD signature na kuingiwa na hofu bure. Njia sahihi ni kulifungua kwa mkondo:

xz -cd linux-toleo.tar.xz | gpg --verify linux-toleo.tar.sign -

La pili linahusu picha za diski. Debian, kwa mfano, haitii saini faili la .iso moja kwa moja. Inatia saini orodha ya heshi, SHA512SUMS, na saini yake ni SHA512SUMS.sign. Hatua ni mbili, na zote ni za lazima: kwanza gpg --verify kwenye orodha, kisha sha512sum -c --ignore-missing SHA512SUMS kwa .iso. Wengi hufanya ya pili tu. Heshi iliyo kwenye seva ileile yenye faili inakukinga dhidi ya upakuaji ulioharibika, basi. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa na viungo vya kupakulia vikaelekezwa kwenye .iso yenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Mwenye mamlaka ya kubadilisha kiungo kwenye ukurasa ana mamlaka ya kubadilisha na heshi iliyoandikwa kando yake.

Kwa miradi midogo, minisign, zana nyingine ya kutia na kukagua saini, ni mbadala mzuri sana: ufunguo wa umma ni mstari mmoja tu unaoanza na RW, na amri ni minisign -Vm faili -P ufunguo. Haina kishada, kwa hiyo lile kosa la "ufunguo wowote" haliwezekani. Laiti ingetumika na wengi zaidi.

Mac

Apple imefanya kazi nzuri ya kuzuia, ila kazi hafifu ya kuonyesha. Dirisha la onyo halitaji mtia saini. Ni lazima uende kwenye terminali.

codesign --verify --deep --strict --verbose=2 /Applications/Jina.app
codesign -dv --verbose=4 /Applications/Jina.app
spctl -a -vv /Applications/Jina.app

Ya kwanza inahakiki uzima. Ya pili inatoa mistari ya Authority na TeamIdentifier, kitambulisho cha herufi na tarakimu kumi ambacho ndicho cha kulinganisha na toleo la zamani. Ya tatu inasema kama Gatekeeper, kizuizi cha Mac dhidi ya programu zisizoaminika, ingeikubali. "Notarized Developer ID" ni kwamba Apple imeipitisha kwenye ukaguzi wake wa kiotomatiki, na hakuna mtu aliyeisoma. Ukiona Signature=adhoc, hakuna jina la mtu yeyote nyuma yake. Kwa mafaili ya .pkg, tumia pkgutil --check-signature.

APK za Android

APK ni faili la kusakinishia programu ya Android. Zana ya kulikagua ni apksigner, iliyomo katika build-tools za Android SDK, mkusanyo wa zana za watengenezaji:

apksigner verify --verbose --print-certs programu.apk

Hapa sahau jina. Vyeti vya Android hutengenezwa na mwandishi mwenyewe, hakuna mamlaka inayovithibitisha, na mtu anaweza kuandika humo jina la benki yoyote. Kinachohesabika ni mstari wa "certificate SHA-256 digest" tu. Ulinganishe na ule uliochapishwa na mtengenezaji. Signal, kwa mfano, huuweka kwenye ukurasa wake wa kupakulia APK. Programu ileile kutoka maduka mawili tofauti inaweza kuwa na saini mbili tofauti, kwa kuwa F-Droid kwa kawaida hutia saini kwa ufunguo wake. Ukikuta "CN=Android Debug", hiyo ni nakala ya majaribio ambayo haikuandaliwa kusambazwa; isakinishe tu kama uliijenga wewe.

Pale saini inapokuwa halali na programu ni mbovu

Zana zote hizi zingesema "sawa" kwa CCleaner 5.33, programu ya kusafisha kompyuta, mwaka 2017, iliyosambazwa kwa karibu mwezi mmoja ikiwa na programu hasidi na saini halali ya watengenezaji wenyewe, kwa sababu wavamizi waliingia kabla ya hatua ya kutia saini. Zingesema hivyo kwa sasisho mbovu za SolarWinds Orion, programu ya kusimamia mitandao, zilizogunduliwa Desemba 2020. Zingesema hivyo kwa xz, zana ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mwaka 2024, ambapo aliyepachika mlango wa nyuma ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutoa matoleo. Na Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa 2010, ilitumia vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni za Realtek na JMicron. Tangu Juni 2023 mamlaka za vyeti zinadai ufunguo wa siri wa kutia saini programu ukae ndani ya kifaa maalumu ambacho hauwezi kunakiliwa kutoka humo, jambo linalopunguza wizi wa aina ya Stuxnet lakini halizigusi zile hali nyingine tatu.

Kinachosaidia hapo ni vitu visivyohusu saini: kusubiri siku chache kabla ya kusakinisha toleo jipya lisilo la kiusalama, kuangalia heshi kwenye VirusTotal leo na tena wiki ijayo, na kusakinisha bila haki za msimamizi inapowezekana. Pia hamishia kisakinishi kwenye folda tupu kabla ya kukiendesha. Folda ya Downloads hujaa takataka, na kisakinishi chenye saini safi kinaweza kupakia DLL hasidi iliyolala kando yake kwa jina ambalo kisakinishi kinalitafuta.

Ukaguzi ukikataa

Usiendeshe faili, wala usilifute bado. Andika heshi yake ya SHA256: kwenye Windows ni certutil -hashfile faili SHA256, kwenye Mac ni shasum -a 256 faili, kwenye Linux ni sha256sum faili. Linganisha ukubwa wake na ule uliotajwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Mara nyingi utakuta upakuaji ulikatika katikati. Kisha pakua upya kwa mtandao mwingine, hata kwa simu, na ukokotoe heshi tena. Heshi mbili zikitofautiana na ya pili ikapita, faili la kwanza liliharibika njiani au kwenye diski. Zikifanana na saini ikaendelea kukataliwa, basi faili lililoko kwenye seva ndilo lenye tatizo. Mwandikie mtengenezaji ukimpa heshi, kiungo kamili na saa uliyopakua, kwa njia isiyopitia tovuti hiyohiyo, na uitunze nakala ya faili mpaka atakapojibu.